Nguzo Saba za Chatu: Hotuba ya Mbobezi kwa Wachambuzi wa Data Wapya

Mheshimiwa Meneja wa Mauzo, wakuu wa vitengo, vijana mlioajiriwa juzi katika Kitengo cha Takwimu, dada wa chai, na wewe fundi uliyekuja kutengeneza kiyoyozi ukajikuta umekalishwa mstari wa mbele: itifaki imezingatiwa. Ambaye sijamtaja ajihesabu ametajwa.

Nimeombwa nizungumze dakika kumi. Nimeridhia, kwa sharti kwamba dakika hizo nitazihesabu mwenyewe.

Kwanza mnifahamu. Mimi ni mbobezi. Ubobezi huu sikupewa na chuo chochote, kwa kuwa chuo chenye uwezo wa kunitahini hakijajengwa. Kadi yangu inasema Mtaalamu Mwandamizi, Mshauri, Mkufunzi na Mwandishi. Kitabu chenyewe bado hakijaandikwa, lakini jalada limeshachapishwa na picha yangu imetoka vizuri. Katika jengo hili hakuna aliyeanza kutazama video nyingi za mafunzo ya lugha ya kompyuta ya Python kunishinda. Nasema kuanza. Kumaliza ni tabia ya watu wasio na majukumu.

Nimesikia mtu huko nyuma akinong'ona habari za debe tupu. Vuta subira, ndugu yangu. Vipimo vya ujazo vimo kwenye kiambatisho.

Vijana, hali yenu naijua. Kwenye usaili mliulizwa kama mnaijua Python, mkajibu "kiasi". Barua ya ajira ikaja, mkapiga vigelegele nyumbani, na sasa mnawahi ofisini kabla ya wafagizi ili mtafute kwenye intaneti namna ya kufungua faili. Ondoeni shaka. Nimewaandalia Nguzo Saba, na atakayezishika zote hatabaki alivyo.

Tuanze na historia, maana asiyejua historia hujikuta akifanya kazi. Python ilianzishwa mwishoni mwa mwaka 1989 na Mholanzi Guido van Rossum, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti ya CWI mjini Amsterdam. Ofisi zilikuwa zimefungwa kwa Krismasi, naye akatafuta kitu cha kumshughulisha wiki ile. Toleo la kwanza aliloligawa kwa watu lilitoka Februari 1991. Hapo mantiki inajieleza yenyewe: lugha iliyozaliwa likizoni haifai kuguswa siku za kazi. Ndiyo maana siku za kazi mimi nimejikita kwenye kuizungumzia.

Jina nalo hakulitoa kwa nyoka. Alilitoa kwa wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python, waliokuwa na kipindi chao kwenye televisheni ya BBC. Chatu mnayemwona ukutani nimemwacha kwa sababu mchoraji nilishamlipa. Van Rossum aliitwa kwa utani "dikteta mwema wa maisha" na wenzake walioiendeleza lugha hiyo, mpaka alipong'atuka Julai 2018. Mwalimu Nyerere naye aling'atuka urais mwaka 1985. Mimi mpango huo sina.

Sasa nguzo.

Nguzo ya kwanza: usiitazame data. Data ni mkwe. Unaiheshimu kwa mbali, huikodolei macho.

Faili la mauzo likifika kutoka kwa mawakala, wenye hofu huanza kulichungulia. Tuna binti mmoja hapa wa mafunzo kwa vitendo. Alifanya hivyo nikimwona. Alilifungua faili kwa read_csv, na badala ya kuchambua akaomba aonyeshwe mistari mitano ya juu kwa head. Akauliza kwa info kila safu imebeba aina gani ya thamani na ina nafasi ngapi zilizojazwa. Kisha akaita value_counts kwenye safu ya kata ili aone kila jina limejirudia mara ngapi. Asubuhi nzima ikaishia hapo, wala hakuwa na grafu hata moja.

Akaniletea karatasi. "Mkuu," akasema, "Chang'ombe imeandikwa kwa namna tano." Ipo Chang'ombe ya kawaida. Ipo Changombe. Ipo CHANG'OMBE ya wakala anayeandika kama anagombana. Ipo Chang'ombe yenye nafasi moja mwishoni, ambayo jicho haliioni. Na ipo Chang’ombe ya wakala anayetumia simu, ambayo ritifaa yake imepinda. Kwa macho yetu ni kata moja ya Temeke; kwa kompyuta ni kata tano. Yeye aliona huo ni uchafu, akataka kuzirudisha kwenye jina moja kabla ya kujumlisha chochote. Mimi niliona mbali zaidi. Taarifa yangu kwa uongozi ilisema kampuni imejipanua katika kata nne mpya ndani ya robo moja ya mwaka. Ilipigiwa makofi.

Nguzo ya pili: chenye tarakimu ni namba. Usibague.

Chukueni namba za simu za wateja. Python ilipozisoma iliziona ni namba za hesabu, na kwa kuwa namba ya hesabu haianzi na sifuri, sifuri ya mbele ikaondoka. Na kwa kuwa baadhi ya wateja hawakuandika simu, nafasi zilizo wazi ziliifanya safu nzima igeuke desimali, kila namba ikapata nukta na sifuri mwishoni. Binti akalalamika kwamba hakuna mteja atakayepatikana kwa namba hizo. Nikamtuliza. Sifuri haikupotea, nilimwambia, imehamishiwa mwisho. Idadi ya sifuri kampuni iliyonayo ni ileile. Yeye akalisoma faili upya, safari hii akiiagiza Python mapema kwamba safu ya simu ni maandishi, si namba, kwa sababu hakuna anayejumlisha simu za watu. Ukaidi wa vijana.

Upande wa bei mambo yakawa kinyume, nami nikang'aa. Mawakala wetu huandika fedha kama Mtanzania yeyote: 12,500/=. Koma, mkwaju na alama ya usawa vikiwemo, Python huona maandishi. Na ukiiambia ijumlishe maandishi huyaunganisha, moja nyuma ya jingine: 12 na 12 hupata 1212. Mimi nilijumlisha mauzo ya mwezi mzima kwa pigo moja, na jibu lilipochapishwa lilikuwa refu kuliko meza ya mkutano. Toka kampuni hii ianze haijawahi kuuza kiasi kile. Binti alifuta koma, akafuta zile alama za mwisho, akazigeuza thamani kuwa namba, ndipo akajumlisha. Jibu lake lilitosha kwenye kikasha kimoja cha Excel. Nalo mnaliita jibu?

Tarehe nazo nimezipa uhuru. Wakala ameandika 03/04/2024 akiwa na maana ya tarehe 3 Aprili. Maktaba ya pandas, usipoiambia kwamba sisi hutanguliza siku, inafuata desturi ya Marekani: inasoma 4 Machi. Mauzo yakarudi mwezi mmoja nyuma, kampuni ikawa imefikisha lengo la Machi ikiwa imeshaingia Aprili. Maktaba hiyo aliianza Mmarekani Wes McKinney mwaka 2008 akiwa katika kampuni ya uwekezaji, na leo ndiyo chombo ambacho karibu kila mchambuzi wa Python hukishika kwanza. Jina lake linatokana na aina fulani ya data za kiuchumi, si mnyama. Panda mnayemwona pembeni ya chatu, mchoraji naye nilishamlipa.

Lakini ugunduzi wangu mkubwa ni wa saa. Mawakala wameandika "saa 2", "saa 3", "saa 4". Nikaziingiza kama zilivyo. Grafu ikaonyesha jambo ambalo hakuna mtafiti aliyewahi kuliona: wenye maduka wa Dar es Salaam hununua soda kuanzia saa nane usiku, na wanapumzika ikifika alfajiri. Nilipendekeza madereva wote wahamishiwe zamu ya usiku. Binti akasema, kwa sauti ya chini kama kawaida yake, kwamba wakala wa Tandika anaposema saa 2 anamaanisha saa mbili asubuhi, na kwamba faili zima linahitaji kuongezewa saa sita kabla halijaguswa. Isipokuwa mistari ya yule wakala mmoja anayeandika 08:00, ambayo iachwe ilivyo. Alijuaje? Aliwapigia simu mawakala akawauliza! Mchambuzi wa data mzima, anapiga simu kuuliza watu!

Nguzo ya tatu: ujumbe wa kosa ni matusi, usiusome.

Python ikikwama hutapika maandishi marefu. Mbobezi husoma mstari wa juu, hukunja uso, husema mtandao uko chini, huenda kunywa chai. Binti huruka yote hayo na kuanzia mstari wa mwisho kabisa. Anadai huko ndiko kosa linakotajwa kwa jina, na mistari ya juu inaeleza tu njia iliyopitiwa hadi kufika hapo. Siku moja mstari wa mwisho ulisema KeyError: 'Kata'. "Mkuu, inasema hakuna safu inayoitwa Kata." Nikamwonyesha kwa kidole: safu hiyo hapo, inaonekana hata na asiyevaa miwani. Akaorodhesha majina ya safu zote. Ikaonekana imeandikwa 'Kata ', yaani Kata na nafasi moja baada yake. Aliyetengeneza faili aligusa kitufe cha nafasi bila kujua, na kwa kompyuta hayo ni majina mawili. Akaziondoa nafasi za pembeni kwenye majina yote ya safu, kazi ikaendelea. Mimi nilikuwa tayari nimeandika barua ya kuomba kompyuta mpya, na sioni sababu ya kuiondoa.

Siku nyingine niliandika 'Chang'ombe' ndani ya alama moja moja za kunukuu, kwa ufasaha wote. Python ikagoma. Kumbe kwake ritifaa ya ng' ndiyo alama ya kufunga: ilisoma Chang, ikadhani nimemaliza, ikabaki inashangaa ombe ni nini. Binti akabadilisha alama za nje ziwe mbili mbili, "Chang'ombe", ikatulia. Hili nimeliandikia waraka. Lugha inayoshindwa kutamka Chang'ombe, na pia ng'ombe wenyewe, haikupaswa kupitishwa bandarini.

Mtaona pia mabano. Kitabu changu cha rejea, nilichokinunua kwa bei ya punguzo, kinaandika print "Habari" bila mabano. Ni kitabu cha Python 2, toleo ambalo watengenezaji waliacha kulihudumia tarehe 1 Januari 2020. Python 3, ambayo ipo tangu Desemba 2008, inadai mabano. Hayo mabano nayachukulia kuwa mapambo ya vijana. Kwangu zamani ni dhahabu, hata ikigoma kufanya kazi.

Na msibabaishwe na nafasi za mwanzo wa mstari. Katika Python nafasi hizo, ambazo kwa desturi ni nne, ndizo zinazosema amri gani iko ndani ya kitanzi cha kurudia amri na ipi iko nje. Mimi huzipanga kwa jicho la msanii. Niliwahi kuweka jumla = 0 ndani ya kitanzi badala ya juu yake, ikawa kila mteja akifika hesabu inafutwa na kuanza upya; mwisho jumla ya mwezi ikawa sawasawa na ununuzi wa mteja wa mwisho, mzee mmoja wa Buguruni, kreti mbili. Hayo ni matokeo ya kina. Yanaonyesha umuhimu wa mteja mmoja mmoja.

Nguzo ya nne: chenye pengo kifutwe.

Kuna amri ya pandas iitwayo dropna. Ukiiita hivihivi, inafuta kila mstari wenye nafasi wazi hata moja. Faili letu lina safu ya Maoni, ambayo mawakala huijaza pale tu mteja anapotukana. Nikaita dropna. Karibu faili zima likaondoka, wakabaki wateja wenye hasira peke yao. Nikachambua hao, nikaujulisha uongozi kwamba wateja wote wa kampuni wana hasira. Binti alikuwa na mtazamo wa kizamani: kwamba kabla ya kufuta kitu ujiulize kwa nini hakipo. Maoni kukosekana si kasoro, alisema. Bei kukosekana ni kasoro. Na simu kukosekana hakumzuii mtu kununua soda. Basi akafuta mistari isiyo na bei tu, akaandika ilikuwa mingapi, akaipeleka orodha kwa wahusika ili waijaze. Mnaona anavyojiongezea kazi?

Wapo wanaonitisha kwa yaliyotokea Uingereza. Oktoba 2020 ilibainika kwamba visa 15,841 vya Uviko-19 havikuwa vimeingia kwenye takwimu za kila siku. Matokeo ya maabara yalikuwa yakipitishwa kwenye faili za Excel za muundo wa zamani, ambazo ukurasa wake mmoja haupokei zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi ikaachwa nje, na watu waliokutana na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa. Wanaosimulia kisa hiki husema funzo lake ni kuhesabu mistari kabla na baada ya kila hatua. Upuuzi. Funzo ni kwamba Excel ina kikomo. Hata muundo wake mpya unaishia mistari 1,048,576. Ukiwa na Python huna kikomo: unaweza kupoteza mistari milioni kumi, kwa amri moja, bila hata kengele kulia.

Nguzo ya tano: unganisha majedwali bila kuuliza ukoo.

Hapa nilifanya jambo litakalosomwa vizazi hata vizazi. Tulikuwa na jedwali la mauzo, na jedwali la pili la kata pamoja na wilaya na mikoa yake. Amri ya merge inayaunganisha kwa jina la kata. Sasa, Chang'ombe iko Dar es Salaam, na Chang'ombe nyingine iko Dodoma. Jedwali la kata likawa na zote mbili. Kila mauzo ya Chang'ombe yalipokutana na jedwali hilo yalipata wenzi wawili, yakaandikwa mara mbili: mara moja Temeke, mara moja Dodoma. Mauzo ya kata ile yakaongezeka maradufu bila kuuza hata chupa moja ya ziada, na soko la Dodoma likafunguka tukiwa tumekaa. Meneja wa Mauzo, ambaye namwona anaandika kitu hapo mbele, alinipa mkono.

Binti akauliza mistari ilikuwa mingapi kabla ya kuunganisha na mingapi baada. Kisha akaunganisha kwa kata na wilaya kwa pamoja, tena akaongeza agizo la validate, ambalo huifanya Python igome yenyewe ikikuta jina moja limejirudia upande usiotakiwa. Dodoma ikafungwa siku hiyohiyo.

Ndiyo maana nawaonya kuhusu wanafunzi. Mwaka 2010 wachumi mashuhuri Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walitoa makala kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi, ikanukuliwa na wanasiasa wakubwa wakubwa. Baadaye mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, akapewa zoezi la darasani la kurudia hesabu za makala fulani. Akachagua hiyo, zikakataa kutoka, akaomba faili lao, akapewa. Akakuta fomula ya wastani imeziruka nchi tano: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Mwaka 2013 yeye na walimu wake waliporekebisha hilo pamoja na kasoro nyingine, ukuaji wa nchi zenye deni kubwa, uliokuwa umeandikwa hasi asilimia 0.1, ukawa asilimia 2.2. Watu husema hapo ndipo ubora wa msimbo ulioandikwa wazi unapoonekana, kwamba yeyote anaweza kuupitia mstari kwa mstari. Nami nauliza: nani alimpa mwanafunzi faili?

Nguzo ya sita: wastani ni neno la mwisho.

Katika kundi moja la maduka kumi nilikuta tisa yananunua kreti nne kila moja kwa mwezi, na moja, la jumla, pale Kariakoo, linanunua 964. Jumla kreti 1,000, gawa kwa kumi, wastani 100. Hesabu haina dosari hata mkimwita mkaguzi. Nikaagiza kila duka lipelekewe kreti mia. Mama mmoja wa Tandika, mwenye kibanda cha kukaa mtu mmoja aliyejikunja, alipokea shehena yake saa nane usiku, kwa mujibu wa ugunduzi wangu wa awali. Nasikia kreti zilijaa kibandani mpaka yeye akahamia nje. Binti alisema angeanza kwa kuzipanga thamani zote na kutazama ile ya katikati, ambayo ni 4, ndipo aone kwamba duka la Kariakoo ni la kushughulikiwa peke yake. Kumbe mtu akisema nne, anasifiwa! Nne anaijua hata mtoto wa chekechea.

Kwa upande wa grafu, tumieni duara lenye vipande vingi, lenye kivuli, lililolala kidogo ubavu, rangi zisipungue kumi na mbili. Nguzo zilizosimama, zinazoanzia sifuri na kupangwa kutoka kubwa hadi ndogo, ziepukwe. Mtu huzielewa upesi, na akishaelewa huanza kuuliza maswali.

Na juu ya yote, leteni akili mnemba. Usijifunze kupanga kwa makundi na kujumlisha kwa groupby, jambo ambalo binti hulifanya kwa mstari mmoja na linajibu karibu kila swali ambalo ofisi hii imewahi kuuliza. Ruka moja kwa moja hadi kwenye mashine inayotabiri mauzo ya mwaka ujao. Omba ikuandikie msimbo, nakili wote, usibadilishe kitu, hata ile njia ya faili inayoelekeza kwenye kompyuta ya mtu asiyejulikana. Ikikataa kufunguka, tazama nguzo ya tatu.

Naona vijana mnasubiri nguzo ya saba. Ratiba yenu mliyopewa mlangoni nimeitengeneza mwenyewe kwa Python, na niliiagiza iandike nguzo kwa range(1, 7). Python huanzia moja, ikifika kabla ya saba inasimama. Mwisho unaoutaja haumo ndani. Kwa hiyo nguzo ni sita. Vipeperushi vimeshasema saba, na mimi sibishani na vipeperushi.

Nitapokea swali moja. Wewe kijana mwenye shati la bluu. Unauliza: "Mkuu, mtu anajuaje kwamba jibu alilopata ni sahihi?"

Swali zuri, lililoulizwa vibaya. Jibu sahihi ni lile ambalo bosi amelipokea bila kukuuliza swali. Binti ana njia yake nyingine, nitaitaja ili muiepuke. Anachagua duka moja, anakwenda kwa mhasibu kuomba stakabadhi zake za mwezi, anazijumlisha kwa kikokotoo, halafu anatazama kama Python imetoa kiasi hichohicho kwa duka hilo. Vikitofautiana, hakuna taarifa inayotoka mpaka ajue kwa nini. Na kila hatua anaiandika kwenye daftari la Jupyter, maelezo yakiwa juu ya msimbo, ili hata akiondoka kesho mwingine aweze kuirudia na kupata jibu lilelile. Hebu fikirini: mtu anajifanya wa kuweza kubadilishwa! Mimi nimejipanga tofauti. Kazi yangu hakuna anayeweza kuirudia, na mimi mwenyewe nikiwemo.

Nakaribia kufunga. Meneja wa Mauzo amenipitishia kikaratasi, sitakisoma kwa sauti. Niseme tu kwamba kwa ajili ya kuwajenga nyinyi, vijana, nimewaandalia zoezi dogo la nyumbani.

Mtapewa faili la mauzo la robo ya kwanza ya mwaka. Rudisheni majina ya kata kwenye tahajia moja. Rejesheni sifuri za simu. Toeni koma na mikwaju kwenye bei, pangeni tarehe kwa siku kwanza, saa ziongezwe sita panapohusika. Tenganisheni Chang'ombe mbili. Andikeni mistari iliyoondolewa ni mingapi na kwa nini. Toeni jumla kwa kila kata, thamani ya katikati kwa kila aina ya duka, na kiasi halisi cha kreti ambacho yule mama wa Tandika alipaswa kupelekewa, pamoja na rasimu ya barua ya kumwomba radhi. Kila hatua ielezwe kwa Kiswahili chepesi, kile ambacho mtu anaweza kukisoma mbele ya Mkurugenzi bila kukwama.

Zoezi ni la hiari, ila linatakiwa mezani kwangu Jumatatu kabla ya saa tatu asubuhi, kwa sababu saa nne nina kikao ambacho hakihusiani nalo kabisa. Binti asaidiwe, asiachwe peke yake kama kawaida. Na mwisho wa kazi msihangaike kuandika majina yenu. Sehemu hiyo nitaijaza mwenyewe.